Kutoka Kwa Sundu Hadi Pwani kwa Miguu

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hiyo ni methali ya mabaharia, na yamkini mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa Kakamega, asiyewahi kupanda hata mtumbwi, akajiuliza inamhusu nini. Inamhusu kuliko anavyodhani. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, Mumias, ulio mwendo mfupi tu magharibi mwa mji wa Kakamega, ulikuwa kituo cha misafara iliyoanzia na kuishia baharini. Wafanyabiashara wa pwani waliuita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, babaye Mumia. Waliufikia kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, wakarudi baharini kwa miguu hiyo hiyo.

Leo anayepanda basi Kakamega jioni hufika Mombasa kesho yake, akilalamikia uchovu wa kukaa. Mpagazi wa karne ya kumi na tisa hakuwa na pa kukaa. Mzigo wake ulikaribia frasila mbili, yaani takriban kilo 32: vitambaa, shanga na waya katika safari ya kwenda bara, pembe za ndovu katika safari ya kurejea. Usiku boma la miiba lilizungushwa kambi. Asubuhi kirangozi alitangulia, nao wengine wakamfuata kwa mstari mmoja, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa ya upana wa mtu mmoja. Penye ukame, kama vile nyika ya Taru, walienda mwendo walioujua kwa jina la terekeza: msafara huondoka alasiri ukiwa umejaza vibuyu, hulala pasipo na maji, kisha hujihimu alfajiri kuyatafuta mbele. Mtu aliyechoka siku hiyo hakuwa na hiari ya kupumzika. Majina ya baadhi ya vituo vya njia ile yangali kwenye ramani, na Maji ya Chumvi halihitaji kufasiriwa. Aliyekipa kituo jina hilo bila shaka alikuwa amekwisha kuyaonja.

Vitabu vya historia humtaja Joseph Thomson, aliyefika Kwa Sundu mwaka 1883, na Askofu James Hannington, aliyemfuata miaka miwili baadaye. Hata hivyo, safari inayostahili kusimuliwa zaidi Kakamega ni ile ya marejeo, nayo haikuongozwa na Mzungu.

Hannington aliondoka Rabai mwezi Julai 1885 akiwa na wapagazi wapatao 200. Msaidizi wake alikuwa William Jones, mtumwa aliyekombolewa baharini, akasomeshwa huko Nasik, India, kisha akarejeshwa Afrika Mashariki kuhudumu Rabai. Mwaka huo huo wa 1885 askofu alikuwa amempa ushemasi, yeye na mwenzake Ishmael Semler. Walipofika Kwa Sundu mwezi Oktoba, Hannington aliwachagua watu wapatao 50, akaelekea Busoga, akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara. Tarehe 29 Oktoba askofu aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wapagazi wake nao waliuawa. Wanne tu ndio waliorudi Kwa Sundu kusimulia.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Jones alikuwa na watu zaidi ya 100 wa kuwalisha katika nchi ya wenyeji, bidhaa za kununulia posho zikipungua kila uchao, na habari isiyoweza kuthibitishwa. Je, aamini kuwa wote wamekufa? Akiondoka mapema, na kumbe askofu yu hai, atakuwa amemtelekeza. Akichelewa, njaa itawamaliza waliosalia. Alisubiri takriban mwezi mzima. Wasomaji wengi humsifu Hannington kwa ushujaa wa kwenda mbele. Mwezi ule wa kungoja, bila amri ya mtu yeyote na bila wa kushauriana naye mwenye cheo, ulihitaji ushujaa wa namna nyingine, nao hausifiwi sana.

Mwezi Desemba msafara ukageuza uso kuelekea baharini. Walitembea takriban miezi miwili. Mwanzoni mwa Januari 1886, walipokuwa wangali njiani, simu kutoka Unguja ilikwisha kufika London na habari za kutekwa kwa askofu. Ulimwengu wa mbali ulianza kuzungumzia msiba wao wakati wao wenyewe wakiubeba vichwani pamoja na mizigo.

Waliingia Rabai tarehe 4 Februari 1886. Mbele yao ilitangulia bendera ya rangi ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja tu: Ikabodi. Ni jina la Kiebrania kutoka Kitabu cha Kwanza cha Samweli, lenye maana kwamba utukufu umetoweka. Katika sura hiyo hiyo mna mjumbe aliyekimbia kutoka vitani, nguo zimeraruka, kuupasha mji habari za kushindwa. Jones aliijua sura hiyo. Ni wangapi kati ya wapagazi walioweza kulisoma neno lile? Pengine wachache mno. Lakini waliokuwa wakiwangojea hawakuhitaji kusoma. Ilitosha kuwahesabu waliokuwa nyuma ya bendera.

Mabaki ya Hannington yalipitia Mumias kabla ya kuzikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Kaburi lake linajulikana na makanisa yanaitwa kwa jina lake. Wapagazi waliokufa pamoja naye hutajwa kwa idadi tu, na idadi yenyewe huandikwa kwa makadirio. Hili ni pengo ambalo wanafasihi simulizi wa magharibi ya Kenya wangefaa kulitazama, maana watu hao ndio walioifikisha lugha ya Kiswahili Kwa Sundu miongo mingi kabla ya shule. Waliitumia kuomba maji, kununua unga, kujadili bei ya pembe. Uislamu nao ulifuata njia hiyo, na Mumias ungali mojawapo ya vitovu vyake katika eneo hilo. Serikali ya kikoloni ilipohamisha makao ya wilaya hadi Kakamega mwaka 1920, lugha ilikuwa imekwisha kuzoea hewa ya huku.

Jones alibaki Rabai. Katika miaka iliyofuata aliwapa hifadhi watoro waliokimbia mashamba ya mabwana wao pwani, jambo lililozua ugomvi mkubwa kati ya misheni na wenye watumwa. Tarehe 1 Januari 1889 mamia ya watoro hao walikusanyika pale Rabai, wakapewa hati za uhuru, kila mtu kwa jina lake.