Herufi Mbili Juu ya Injini

Usharika wetu ulipokaribia kutimiza miaka 50, baraza la wazee liliomba kila familia ilete kitu cha kale kwa ajili ya maonyesho: vitabu vya nyimbo, picha, hata majembe yaliyochimba msingi wa kanisa. Mimi sikuhitaji kufikiri. Nyuma ya nyumba ya mama yangu, huku Usambara, ilikuwapo pikipiki ya marehemu baba, Triumph kubwa ya sisi 650, iliyolala chini ya turubai tangu nikiwa shule ya msingi.

Washarika wengi waliijua habari yake. Baba alikuwa mwinjilisti. Alisimulia kwamba siku ya Pasaka mwaka 1968, alipoanza kutumwa katika mitaa ya mbali, mmisionari mmoja alimkabidhi pikipiki hiyo ikiwa mpya, bila yeye kuomba. Nami nimeihubiri habari hiyo katika harambee, katika semina za wainjilisti, na katika ibada ya kumbukumbu ya baba mwenyewe. Fundisho lilikuwa lile lile: mtumishi akitembea kwa uaminifu, Bwana atamletea chombo.

Nilitaka tu kuandika kibao cha maonyesho kwa usahihi. Kadi ya pikipiki ilikwisha kuliwa na mchwa, kwa hiyo nikamwita fundi mmoja mzee kutoka Korogwe, ambaye ujanani alitengeneza pikipiki za mashamba ya mkonge. Alikuja na brashi ya waya, kopo la mafuta ya taa na daftari kuukuu.

Alisugua ubavu wa kushoto wa injini, chini kidogo ya silinda. Zikaonekana herufi mbili, tarakimu tano, kisha TR6R, ambalo ni jina la aina ya pikipiki. Akasugua shingo ya fremu karibu na usukani, na herufi zile zile na tarakimu zile zile zikajitokeza.

"Vimetoka pamoja kiwandani," akasema. Akanionyesha pia kwamba pale palipogongwa namba ya injini pamejaa alama ndogo ndogo za jina la Triumph. Kiwanda kiliziweka ili mtu akichubua namba na kugonga nyingine, alama zile zipotee na udanganyifu wake uonekane. Za kwetu zilikuwa kamili.

Herufi zenyewe zilikuwa ND. Fundi akafungua daftari. Tangu msimu wa mwaka 1969, Triumph walianza kugonga herufi ya mwezi, ikifuatiwa na herufi ya mwaka. Januari ni A, Februari ni B, na kuendelea, lakini baadhi ya herufi zimerukwa. I na O hazimo, maana mtu angeweza kuzidhania moja na sifuri. Kwa hiyo Juni ni G, Agosti ni J, Oktoba ni N, na Desemba ni X. Kwa upande wa miaka, C ni 1969, D ni 1970, E ni 1971.

Nikasema, "Basi hii ni Oktoba 1970."

"Hapana, Baba Mchungaji. Mwaka wa kiwanda ulianza Agosti. Oktoba yenye D ni Oktoba 1969. Ilikuwa tayari ya msimu wa 1970, ingawa kalenda ya ukutani ilisoma 1969."

Nilitabasamu, maana sisi nasi tunao mwaka wa namna hiyo. Mwaka wa Kanisa huanza na Majilio, wakati dunia bado inamalizia mwaka wake. Lakini nikiri kwamba nilitabasamu pia kwa sababu nyingine. Fundi alikuwa amerudisha nyuma mwaka mmoja, nami nilitamani arudishe na mwingine. Nikamuuliza kama daftari linaweza kukosea. Akaniangalia, akasema kwa upole kwamba kabla ya msimu ule herufi za namna hiyo hazikuwapo kabisa. Pasaka ya 1968, chuma kile kilikuwa hakijawa pikipiki. Kiwanda chake cha Meriden, kule Uingereza, kilikuwa hakijaiunda.

Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kuuliza andiko limeandikwa lini kabla ya kuuliza linasema nini. Nimewasumbua wanafunzi wa Kipaimara kwa swali hilo. Habari ya baba yangu sikuwahi kuiuliza.

Jioni nilikaa jikoni na mama. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia tu kwamba fundi amesoma mwaka wa pikipiki. Alikoroga uji kwa muda mrefu.

"Alichopewa mwaka ule ni baiskeli, mwanangu," akasema. "Pikipiki aliinunua mwenyewe mwaka 1974, kwa msimamizi wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Tuliuza ng'ombe wawili na kahawa ya misimu mitatu."

Nikamuuliza kwa nini baba hakusema hivyo.

"Angesema vipi? Mwinjilisti kupanda pikipiki kubwa kama ile! Watu wangesema amekula sadaka. Siku ya kwanza mzee mmoja wa kanisa alipaza sauti, 'Wamisionari wamekukumbuka!' Baba yako akanyamaza. Alidhani akinyamaza yataisha."

Hayakuisha. Ukimya ukawa habari, na habari ikapata siku na mwaka. Mwishowe baba akaisimulia mwenyewe, labda akiichanganya na baiskeli, labda akijua. Hilo namwachia Mungu.

Usiku ule sikulala vema. Amri ya Nne inaniagiza kumheshimu baba. Amri ya Nane inanikataza ushuhuda wa uongo. Nilijitetea kwamba Luther, katika Katekisimo Ndogo, anatutaka kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema, basi nami nimfunike baba yangu. Ningeweza kuandika kibaoni "Pikipiki ya mwinjilisti" na kuacha mwaka. Nani angesugua injini?

Lakini nilimkumbuka kijana mmoja. Ni mwinjilisti wetu katika mtaa wa mbali kuliko yote, na hutembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Miaka miwili iliyopita alikuja ofisini, akaomba usharika umsaidie apate pikipiki. Sikumpeleka kwa wazee. Nilimsimulia habari ya baba, nikamwambia, "Endelea kutembea, Bwana atatoa." Aliitikia "Amina," akaenda. Tangu siku hiyo hakuomba tena.

Basi hapo nikaona uzito wa jambo. Uongo wa baba ulimkinga na masengenyo. Mimi niliutumia kumnyima ndugu msaada, tena kwa jina la Mungu.

Nilienda mtaani kwake kwa miguu. Nilimweleza yote: herufi, baiskeli, ng'ombe, kahawa. Nikamwomba msamaha. Alikaa kimya, kisha akasema, "Baba Mchungaji, nilikuwa nadhani labda mimi si mwaminifu kama marehemu, ndiyo maana haiji." Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama yoyote.

Nimepeleka ombi lake kwa baraza la wazee, na tumeanza mfuko. Hadi ninapoandika, fedha hazijafika nusu, lakini sasa anajua kwamba tunatafuta pamoja naye.

Siku ya maonyesho, kibao kilisomeka hivi: "Ilitengenezwa Meriden, Uingereza, Oktoba 1969. Mwinjilisti wetu aliinunua mwaka 1974 kwa ng'ombe wake wawili na kahawa ya misimu mitatu, ili afike mitaa ya mbali." Niliomba ruhusa ya mama kabla ya kukiandika. Alikisoma polepole akiwa ameshika usukani, akasema, "Na maziwa tulikosa mwaka mzima. Hilo hukuliandika."

Ndugu msomaji, kabla hujausimulia tena ushuhuda ulioupokea, usugue kidogo uone umeandikwa nini chini ya kutu. Mimi niliogopa kumpoteza baba. Nilimkuta mtu aliyeuza ng'ombe wake ili Injili ipande mlima, na mke aliyekunywa chai ya mkandaa bila kunung'unika. Naona Bwana alitoa kweli. Alitoa kupitia kwao.