Dodoki la Busia na Sifongo wa Bahari

Msafiri atokaye Tororo, akiuacha nyuma mwamba wake mrefu, hufika Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya. Akinunua dodoki la kuogea, huenda akaliita sifongo. Kazi yao ni moja, lakini asili ni mbalimbali.

Dodoki ni tunda la mmea utambaao, wa jamii ya matango. Sifongo ni mnyama. Hana mdomo, moyo wala ubongo. Huvuta maji kwa vitundu vidogo, huchuja chakula, kisha huyatoa kwa tundu kubwa. Ndiyo maana wataalamu wakaliita kundi lake Porifera, yaani wabeba vitundu. Sifongo wa kuogea huishi katika bahari yenye joto, ameshikamana na mwamba. Maji matamu hayamfai.

Huko Jambiani, Unguja, ambako joto la bahari limepunguza mavuno ya mwani, akina mama humkata vipande na kuvitundika kambani baharini, navyo hukua vikawa riziki. Mama wa Busia, aliye mbali na bahari, apande dodoki uani.