Kapu la Bushushu

Mama mmoja muuza sambaza katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, ana daftari la shule ambalo halitoki katika kikapu chake. Mbele kuna hesabu za likelemba: wamama kumi na wanane, kila mmoja na faranga zake. Nyuma kuna hesabu za kapu la Bushushu.

Kapu hilo lilianza mwezi wa tano 2023, baada ya mvua ya tarehe 4 kushusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wamama wale walichagua familia moja tu: bibi aliyebaki na wajukuu wanne. Kila mwisho wa mwezi walimtumia gigozi nne za maharagi, unga wa mihogo na chumvi, kwa gari la kwenda Kalehe. Hayakuwa mengi, lakini bibi alijua siku ya kungojea.

Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa jambo la dharura kwa dunia nzima. Bukavu ilikuwa imekwisha kushika hofu. Habari zilitoka Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako aina mpya ya ugonjwa ilijulikana, na Kavumu, ambako watoto wengi walilazwa. Katika likelemba, mmoja akasema: «Tununue ndoo za kunawia na sabuni.» Wote wakakubali. Pesa zilitoka katika kapu lililokuwa karibu. Katika daftari, ukurasa wa Bushushu ukabaki mtupu miezi miwili.

Mwezi wa kumi bibi alishuka Bukavu mwenyewe, na ndizi na sombe kichwani. «Nilisikia ugonjwa uko huku,» aliwaambia. «Nikasema, watoto wangu wamelala. Nimekuja kuwaangalia.»

Aliwakuta wote wazima. Hakuuliza habari ya maharagi. Wao ndio walioshindwa kumtazama usoni.

Hawakuwa wa kwanza. Toka mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu 2,287 Kivu ya Kaskazini, Ituri, na hata Mwenga katika Kivu ya Kusini. Wafadhili walikuja na magari, mahema na dawa, na ilikuwa lazima waje. Lakini katika miaka hiyo hiyo surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo. Chanjo yake ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Hata hivyo pesa za surua zilichelewa, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa Ebola.

Tena kuna wakati mkono haugeuki, unakauka. Mwezi wa tatu 2020, kwa ajili ya Covid, makanisa yalifungwa. Mahali pasipo na ibada, hakuna sahani ya sadaka. Mjane na yatima waliokuwa wakisaidiwa Siku ya Mungu walikosa, hata kama hakuna aliyeamua kuwaacha.

Mama wa sambaza hasemi kwamba sabuni ilikuwa kosa. Anasema kosa lilikuwa kutouliza ni nani aliyekuwa anakula pesa ile kabla ya kuigeuza. Na bibi mwenyewe, anayelala na wajukuu wanne chini ya turubai moja, ndiye aliyehitaji sabuni kuliko wote. Hakuna aliyemkumbuka.

Toka siku ile, kabla ya kufungua kapu jipya, mmoja husoma kwa sauti kurasa za kapu la zamani. Kama pesa ni kidogo, wanapunguza pande zote mbili, hawafuti jina.

Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa pili 2025, benki zilifungwa na soko likalegea. Wamama wengine walikuwa na wageni waliokimbia, kumi katika chumba kimoja. Hesabu ya mwezi wa tatu katika daftari ni fupi: wageni wa nyumbani, gigozi sita. Bushushu, gigozi moja na kipande cha sabuni.

Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, imeandikwa: «Imefika.»