Visiwa Viwili kwa Siku Moja

Mwezi wa Mei nalisimama mbele ya wazazi wa shule yetu, nikawaomba shilingi 15,000 kwa kila mtoto wa darasa la sita. Shauri langu lilikuwa hili: tuondoke kijijini usiku wa manane kwa gari la kukodi, tufike Kilwa Masoko asubuhi, tuvuke maji, tukaone magofu ya Kilwa Kisiwani, kisha twende na Songo Mnara, tukarudi nyumbani siku ile ile. Wasomaji mnaokaa bara mwajua shilingi 15,000 ni kitu gani kabla ufuta haujauzwa.

Wazazi walisikiliza kwa adabu. Ndipo mjane mmoja, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akaniuliza, “Mwalimu, wewe umekwisha kufika huko mwaka jana. Je, taabu yake yalingana na faida yake?”

Nalimjibu kwa maneno mengi. Nalimweleza habari za masultani, na dhahabu ya Sofala iliyopita Kilwa kwenda Uarabuni na Bara Hindi, na msafiri Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Nalisema pia ya kuwa magofu hayo yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini swali lake sikulijibu, na yeye alijua sikulijibu, maana alitikisa kichwa kidogo akatazama mikono yake. Baadaye nalisikia ya kuwa alikuwa amekwisha kuuza kuku wawili ili mwanawe asikose.

Usiku ule sikupata usingizi, na sababu yake ni safari ya mwaka jana, ambayo habari zake nalikuwa nimezisimulia nusu tu.

Twalikwenda walimu watatu. Mimi ndimi niliyepanga kila kitu, na kwa kuwa nalisoma vitabu viwili vitatu juu ya Kilwa, nalijiona mjuzi. Nalichagua siku ya mwezi mpevu kwa makusudi, nikisema kama tukichelewa tutapata mwanga wa kurudia. Tulipofika Masoko ikatupasa kungoja kibali, kwa maana magofu hayo hayaingiliwi pasipo ruhusa ya serikali, na afisi haifunguliwi alfajiri kwa ajili ya haraka yetu. Twalitweka tanga yapata saa mbili u nusu. Nikamwambia nahodha atupeleke Songo Mnara kwanza, kisiwa kilicho mbali, ili Kisiwani tukione tukirudi. Nahodha alitazama maji, akanitazama mimi, akasema, “Haya, mwalimu, safari ni yenu.” Lau ningalikuwa na akili ningalimwuliza maana ya neno lile.

Kusi ilikuwa ikivuma, nasi twaelekea kusini. Chombo kilikwenda kwa mbisho, huku na huku, na mashine yake ndogo ikikohoa kama mzee mwenye baridi. Tulipoikaribia Songo Mnara, bahari ilikuwa imeondoka. Siwezi kusema kwa namna nyingine. Palipokuwa pa kutia nanga palikuwa tope jeusi, na nyuma ya tope mikoko imesimama juu ya mizizi yake. Twalishuka, tukavua viatu, tukatembea katika tope linalofika magotini. Mwenzangu mmoja alishika mzizi wa mkoko asianguke, akateleza, na chaza walioota pale wakamkata unyayo kama kisu. Damu yake twaliifunga kwa leso yangu.

Huko juu ni mahali pa ajabu. Nyumba za mawe zaidi ya 30, misikiti mitano, ukuta uliouzunguka mji, vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mibuyu imesimama katikati kama wazee wa baraza. Lakini twaliona nini? Twaliona mguu wa mwenzetu. Kila tulipoingia mlangoni mwa nyumba yeye alikaa kizingitini, nasi tukaona haya kukawia. Kisha twalirudi pwani tukangoja chombo kielee, tukangoja sana, maana maji yaliyokwenda hayarudi kwa kuitwa. Hata tulipofika Kilwa Kisiwani jua lilikuwa limeinama. Twaliupita Msikiti Mkuu karibu mbio. Jumba la Husuni Kubwa hatukufika kabisa. Gari la jioni likatuacha, tukalala Masoko, na kesho yake, siku ya Jumapili, madarasa yangu matatu ya watoto kanisani hayakuwa na mwalimu. Mguu wa mwenzangu ulitunga usaha, hakufundisha wiki tatu.

Niliporudi nalisema nini? Nalisema nimeona visiwa viwili kwa siku moja. Watu wakastaajabu, nami nikaacha wastaajabu. Sasa nalitaka kuwapeleka watoto 38 kwa njia ile ile, ili nisionekane kuwa nimepunguza neno langu.

Asubuhi nalikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji chetu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, aliyekuwa baharia katika majahazi kabla hajaja huku kupanda mikorosho.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu kiti.”

Nikamsimulia yote, hata mguu. Alipokwisha kunisikiliza aliniuliza neno moja tu: “Mwezi ulikuwa na siku ngapi?”

“Ulikuwa mpevu, babu. Nalitaka mwanga.”

Mzee akacheka hata akashikwa na kikohozi. Alipopata pumzi akanieleza jambo ambalo mtoto yeyote wa pwani hulijua, nami mwenye cheti sikulijua. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ndiyo siku za bamvua: maji hujaa mno na kupwa mno, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa yapata saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa kabisa yapata saa nne. “Basi wewe,” akasema, “uliondoka na maji yanayoondoka, ukafika wakati hayapo.” Lakini mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kwake huwa katikati ya asubuhi. Kila siku wakati wake husogea mbele kwa muda unaokaribia saa nzima. Mtu akijua siku ya mwezi huijua na saa ya bahari, pasipo kuuliza simu wala kitabu.

Nikamwuliza, “Je, siku ya maji mafu twaweza kuviona vyote viwili?”

Akafikiri. “Wewe peke yako, na chombo chema, na nahodha asiyeogopa kukukataza, labda. Lakini watoto 38?” Hakumaliza. Akaanza kunieleza habari za korosho zake.

Nikawaita wazazi mara ya pili. Nalisimama nikawaambia habari yote ya mwaka jana, na tope, na chaza, na Jumapili ile. Halikuwa jambo jepesi. Baba mmoja alisema mara moja, “Kumbe! Basi na tukae nyumbani. Picha si zimo kitabuni?” Na wengi wakaitikia. Naungama ya kuwa kwa kitambo hata mimi naliona amesema kweli. Mwalimu akikaa nyumbani halaumiwi.

Lakini nalikumbuka jambo lililotokea darasani. Nalikuwa nimewasomea watoto habari ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao sehemu yake ya kale imepita miaka 800, na wengi wakauliza kwa sauti moja, “Ni Wazungu waliojenga?” Nikasema siyo, Wazungu wa kwanza kuuteka mji ni Wareno, mwaka 1505, nao walikuta mji umekwisha kuzeeka, wakajenga ngome yao, wakaondoka mwaka 1512. Basi wakasema, “Ni Waarabu?” Nikawaeleza hadithi ya wenyeji, ya kuwa mwana wa mfalme wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka pande zote. Hadithi hiyo waliipenda mno. Lakini nilipowaeleza ya kuwa wataalamu waliochimba udongo wameona kwamba kabla ya mawe palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima wa pwani hii hii, wenye vyungu na nyumba za udongo kama zetu, na ya kuwa mji ulikua kutoka kwao, hawakuniamini. Walinyamaza tu kwa heshima. Picha ilikuwa mbele yao, na haikuwasaidia kuamini.

Nikawaambia wazazi neno hilo. Nikasema, “Songo Mnara naiacha. Naomba kisiwa kimoja, siku ya maji mafu, na kurudi bara kabla ya saa kumi.” Gharama ikapungua ikawa shilingi 11,000, maana njia ya maji kutoka Masoko hadi Kisiwani ni fupi, na chombo huvuka kwa muda mchache. Yule baba wa picha bado hakukubali, na mwanawe hakwenda. Nalisikitika, lakini si haki yangu kumlazimisha mtu kwa fedha yake.

Twalikwenda mwezi wa Julai, mwezi ukiwa na siku nane. Tulipotia nanga maji yalikuwa yamejaa kimya, na watoto walishuka karibu wakavu. Ngome iko pale pale pwani, nayo huitwa Gereza; husemwa ya kuwa neno hilo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, jambo lililowachekesha sana watoto wa wazee wa kanisa. Watu hukaa kisiwani hata leo. Wanawake walikuwa wakianika samaki, wakatuamkia kwa Kiswahili chao kizuri, na watoto wangu wakaona wenyewe ya kuwa wale wakaao kando ya magofu wanafanana na shangazi zao.

Katika Msikiti Mkuu nalikusudia kuhutubu. Sikuhutubu. Waliingia chini ya makuba wakanyamaza, kisha mmoja akapiga kofi asikie mwangwi, na wote wakapiga. Wakaanza kugusa kuta kutafuta matumbawe katika mawe, na walipoyaona wakaitana. Twalikaa pale karibu saa nzima, nami sikutazama saa hata mara moja. Kisha twalitembea hata Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali katika karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pande nane. Mwana wa yule mjane alishuka katika birika, akazihesabu pande kwa hatua zake, akaandika katika daftari. Akazihesabu tena. Akaniuliza, “Mwalimu, waliwezaje kulinganisha pembe pasipo vyombo?” Nikamwambia vyombo walikuwa navyo, kamba na vigingi vyatosha kwa mtu mwenye hesabu. Akasema, “Hata kwetu kamba ziko.”

Saa tisa u nusu twalikuwa Masoko. Wawili walitapika garini, mmoja alipoteza kiatu. Hapakuwa na zaidi.

Jumatatu jioni nalipita nyumbani kwa mjane. Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa, na katikati palikuwa na mchoro wa jivu, wa pande nane, umepimwa kwa kamba, kamba yenyewe bado imefungwa kwenye kigingi. Kuku walikuwa wamekwisha kuparua upande mmoja. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akiutazama.

“Amenikataza nisikanyage,” akasema. “Ati ni bafu la mfalme.” Akanyamaza kidogo. “Na kile kisiwa cha pili, mwalimu, mtakwenda lini?”

Nikamwambia sijui bado. Kwanza nitamwuliza babu mwezi utakuwa na siku ngapi.