Baiskeli Iliyoishi Shimoni

Nilipokuwa mtoto Wasini, gurudumu tulilolijua ni la wilibaro. Kisiwa chetu chote, kutoka mjini kwetu hadi Mkwiro upande wa macheo, ni mwendo wa kilomita tano hivi, na ardhi yake ni mwamba wa matumbawe uliochongoka. Gari halina pa kupita. Maji ya kunywa tulikinga ya mvua kwenye mabirika. Mchele, saruji na mafuta ya taa vilivuka kwa mashua kutoka Shimoni, bara, ng'ambo ya mkondo, vikapanda kutoka ufuoni vichwani mwa watu au kwa wilibaro hiyo. Mtoto wa kwetu alijua kuogelea, kupiga kasia na kutweka tanga kabla hajakalia baiskeli. Mimi nilijifunzia Shimoni nikiwa nimeshabaleghe, juu ya Black Mamba ya kukodi, na watoto wa darasa la kwanza wakinicheka bila haya.

Mwaka 2013 nilikuwa baharia kwenye mashua za wageni, zile ziendazo Kisite kutazama pomboo. Ramadhani mwaka huo iliangukia Julai, kusi likivuma, na usiku mmoja baada ya tarawehe tulikuwa barazani Shimoni, mahali palipokuwa na televisheni. Ilikuwa Jumapili, tarehe 21. Mbio za Tour de France zilikuwa zikimalizika Paris jua likizama huko, na aliyevaa jezi ya njano alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Barazani pakazuka ubishi. Wengine walisema huyo ni Mwingereza, ashinde asishinde si wetu. Mwalimu mmoja akatueleza habari za David Kinjah wa Kikuyu, yule mwenye rasta ndefu, aliyemfunza kijana huyo kuendesha milimani, na kwamba mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Wakaendelea kubishana. Mimi nilikuwa naitazama baiskeli: nyembamba, usukani umekunjwa kwenda chini, haina keria wala kengele, na inakwenda kuliko matatu.

Haja nilikuwa nayo. Mwenye mashua alikuwa akinituma Diani kuonana na watu wa hoteli, na kutoka Shimoni hadi Ukunda ni kilomita hamsini hivi. Matatu haikung'oka mpaka ijae. Ukishushwa Kanana, kwenye barabara kuu, ulingoja tena ile itokayo Lunga Lunga, nayo ikija imejaa unabaki hapo na kivuli chako. Asubuhi nzima iliishia njiani, na nauli ikaishia mfukoni mwa kondakta.

Baada ya Idi nikamwendea mjomba wangu. Yeye ni fundi wa vyombo; amekalafati nusu ya mashua za mkondo ule. Baiskeli hakuwahi kuwa nayo.

"Mjomba, nataka unisindikize Ukunda nikanunue baiskeli ya mbio iliyotumika."

"Mimi baiskeli siijui, mwanangu."

"Mie pia siijui."

Akacheka. "Basi twende. Kitu kilichotumika nakijua."

Muuzaji alikuwa na uwanja kando ya barabara, baiskeli zimepangwa kwa safu: za watoto, za milimani zenye springi, na mwishoni mbili za mbio, zote za mitumba kutoka Ulaya. Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa, usukani umezungushiwa mkanda mpya. Ya pili ilikuwa ya buluu, rangi imechubuka kila mahali, kiti kimepasuka. Mkono wangu ulikwenda kwenye nyekundu wenyewe.

Mjomba hakunikataza. Aliomba tu ipinduliwe, magurudumu juu, kisha akachuchumaa. Aliipitisha mikono kwenye mabomba ya fremu polepole, kama apitishavyo kwenye mkuku wa mashua iliyopandishwa ufuoni, akigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Alipofika kwenye lile bomba la chini linalotoka shingoni, nyuma tu ya gurudumu la mbele, akasimama. Akanishika kidole akakiweka pale. Chini ya rangi mpya chuma kilikuwa na mkunjo, uvimbe mdogo usioonekana kwa macho.

"Hii imegonga kitu," alisema. "Na aliyeipaka rangi alijua anapaka nini." Kisha akaniambia, kwa sauti ambayo muuzaji naye aliisikia: "Tanga lachanika, lashonwa. Kamba yakatika, yaungwa. Mkuku ukivunjika huna chombo, una kuni."

Tulimpata fundi baiskeli chini ya mwarobaini, jirani na hapo, tukamlipa mia mbili aje aikague ile ya buluu. Kwanza aliniambia nisimame nikiwa nimeipanda kama farasi, miguu yote chini: bomba la juu lilibakisha nafasi ya vidole viwili, akasema kimo changu ni chake. Akabana breki ya mbele akaisukuma baiskeli mbele na nyuma, kusikiliza kama shingo inacheza. Akashika mikono ya pedali akaitikisa kushoto na kulia, maana gololi za pale zikiisha ndipo baiskeli inapoanza kulia. Akalizungusha kila gurudumu hewani, jicho likiwa kwenye ule upenyo kati ya rimu na mpira wa breki. La nyuma liliyumba kidogo, akasema hilo ni la kukaza spoki, si la kulia. Akauvuta mnyororo kwa vidole pale mbele kwenye meno: ukanyanyuka hadi jino likaonekana lote. Mnyororo umekwisha.

Mwisho akajaribu kukishusha kiti. Hakikushuka. Nguzo yake ilikuwa ya aluminiamu ndani ya bomba la chuma, na kwetu pwani chumvi huviunganisha viwili hivyo mpaka vikawa kitu kimoja. Akapiga, akamimina mafuta, akangoja, akapiga tena. Mjomba alikuwa ameshasema kwamba kisiposhuka tunaondoka. Kilishuka.

Ndipo fundi akaniuliza swali ambalo muuzaji hakutaka niulizwe: "Tairi zake utazipata wapi?" Tairi za Black Mamba, zile za inchi 28, zilijaa kila duka kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, lakini haziingii kwenye rimu ya baiskeli ya mbio hata zikifanana kwa macho. Zipo za zamani za Kiingereza za inchi 27, zipo za 700, na hizo mbili nazo haziingiliani: rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 630, ya pili 622. Anayenunua bila kusoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi hujikuta ana baiskeli nzima na hana cha kuvalisha. Ya buluu ilikuwa ya 700, upana milimita 23, na valvu zake nyembamba zisizokubali pampu ya kituo cha petroli. Fundi akapima uwazi wa uma kwa kidole, akasema tairi ya upana wa 28 itaingia, nikaitafute Mombasa, na nisithubutu kwenda Shimoni kila siku na zile nyembamba.

Bei ilianza elfu kumi na mbili. Mjomba hakupandisha sauti wala kuidharau bidhaa ya mtu. Alihesabu tu: mnyororo, tairi mbili, waya za breki, kazi ya fundi. Tukaishia elfu nane na mia tano, kwa risiti yenye namba ya fremu, ile iliyogongwa chini ya pedali, ili nikisimamishwa njiani niwe na la kusema.

Yeye alirudi kwa matatu. Mimi nikaelekea kusini na kusi usoni. Kwa chombo ningejua la kufanya, ningepiga bisho, kwenda upande mmoja na kurudi upande mwingine. Barabarani upepo wa mbele hauna hila ila kuinama. Nilizielewa ghafla zile pembe za chini za usukani. Nikaipita njia panda ya Msambweni, nikaipita Ramisi ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988, na huko mashamba ya miwa ya kampuni mpya yalinikinga upepo kwa muda. Kanana nikakunja kushoto. Hapo lami ilikwisha, siku hizo, na kilomita kumi na kitu zilizobaki zilikuwa za udongo na mawe. Nilipata pancha, nikaziba, nikashuka nikasukuma. Lakini hakuna aliyenishusha wala aliyeningojesha, na siku niliyopanda tena kwenda Ukunda kusi lilikuwa mgongoni. Nilifika kabla ya ile matatu niliyoiacha Shimoni ikiita abiria.

Baiskeli iliishi kwa shangazi yangu Shimoni, ukumbini. Mara moja tu niliivusha hadi kisiwani, Idi kubwa, kwa sababu mama alitaka kuiona. Niliisukuma kutoka ufuoni hadi mlangoni juu ya mawe, bila kuipanda hata hatua moja. Mama akaizunguka, akauliza gharama, akasema: "Umenunua kitu cha kutembezwa, kama mbuzi."

Nilikaa nayo miaka mitatu. Bahari huila baiskeli usiku, ukiwa umelala, kwa hiyo kila wiki nilikuwa nikiifuta kwa maji baridi ya kisimani, nikaukausha mnyororo na kuutia mafuta, na nguzo ya kiti nikaichomoa kuipaka grisi isije ikashikana tena. Mwaka 2016 nilipopata kazi ya kukaa Diani moja kwa moja, nikaiuza.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Msambweni, pesa mkononi, haraka tele, hakuja na mtu. Aliishika usukani akaniambia ni nzuri. Kwetu, kuuza kitu na kuificha aibu yake ni haramu, na mjomba alikuwa akisema muuzaji wa chombo ndiye wa kwanza kukionyesha kinapovuja. Nikaipindua ile baiskeli. Nikamwonyesha rimu ya nyuma ilivyolika na breki hadi ikaingia ndani, gia moja iliyokuwa ikiruka, na doa la kutu lililoanza karibu na pedali. Nikamwambia tairi zake azisome namba. Akafikiri, akaniomba nipunguze elfu moja, nikapunguza.

Mjomba aliposikia aliuliza jambo moja tu: kama nimempa na ile risiti. Nilikuwa nimempa.