Ilikuwa Ikikata Pumzi Sekenke

Mpwa wangu, uliponipigia simu juzi ukaniambia kwamba ile Honda ya marehemu baba yako inawaka vizuri asubuhi, inatembea kilomita nne au tano, kisha inazimika kama mtu aliyezibwa pua, nilitaka kukujibu palepale. Nikajizuia. Jibu lenyewe ni fupi, lakini mimi nililipata kwa jasho la wiki mbili mwaka 1983, na nikikupa bila kisa chake utalisahau kabla hujafika gereji. Umesema fundi wako wa stendi ameshaifungua kabureta mara tatu na sasa anakutaka ununue mpya. Usinunue kwanza. Keti nikusimulie.

Mwaka huo nilikuwa Kiomboi, kijana wa miaka 27, nikifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma katika Wilaya ya Iramba. Mpango wa taifa wa maradhi hayo ulikuwa umeanza mwaka 1977, na katika kila semina tulimsikia akitajwa Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi na Waholanzi. Utaratibu wa tiba ya kifua kikuu ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutimiza: mgonjwa alazwe miezi miwili ya kwanza, achomwe sindano na ameze vidonge mbele ya muuguzi, kisha arudi kwao aendelee na vidonge miezi sita bila kukosa. Hiyo miezi sita ndiyo iliyokuwa mzigo wangu. Mgonjwa wa Shelui, au wa vijiji vya pembezoni mwa mbuga ya Wembere, hakuwa na namna ya kupanda Kiomboi kila mwezi. Dawa ilibidi zimfuate, na zilimfuata juu ya Honda CG nyekundu, yenye namba za serikali na sanduku la bati lililofungwa nyuma kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Nikiifunga kamba ile asubuhi nilisikia harufu tatu kwa pamoja: mpira, vidonge na petroli. Mpaka leo nikiingia duka la dawa huwa naitafuta ile harufu ya tatu.

Petroli ya miaka ile ilikuwa kitu cha kuombwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha hazina ya nchi nyeupe, mafuta ya nje yalikuwa ghali, na mtu aliingia ofisini kwa adabu zote kutafuta kibali cha lita kumi. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Sisi wa afya tulipata mgawo wetu, ukichelewa tunangoja, na ulipofika ulifika kwenye mapipa yaliyokwisha kubeba vitu vingine. Ndani yake mlikuwa na maji, mna kutu, na mara nyingine mtu wa njiani alikwishapunguza petroli akajazia mafuta ya taa. Bila kibali, chupa ya bia iliyojaa petroli nilipata kuinunua gizani kwa shilingi 50, na mshahara wangu wa mwezi haukufika 1,000. Kikombe cha chai kilikuwa shilingi moja, na andazi kama lipo. Nyumbani tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na watoto walikuwa wakiuliza lini utakwisha.

Mwezi Septemba, mzee mmoja wa upande wa Wembere alimaliza dawa zake. Alikuwa ameingia hospitali akibebwa kwenye kitanda cha kamba, akamaliza akiwa amerudi kwenye mizinga yake. Siku nilipomwandikia kwamba amepona alinipa kibuyu cha asali, akakiziba kwa majani, akakitundika mwenyewe kwenye usukani wa pikipiki. Barabara ya Sekenke ilikuwa ya changarawe na makorongo; nilipofika juu, nusu ya asali ilikuwa imemwagika kwenye tenki, kwenye magoti yangu na kwenye mfuniko wa mafuta. Niliipangusa kwa kitambaa, nikaona pamekuwa safi, nikaenda nyumbani na nusu iliyobaki. Ilikuwa asali nyeusi, yenye ukali kidogo wa moshi. Mama yako aliionja.

Oktoba ilipoanza, nilitoka Kiomboi alfajiri na dawa za Shelui. Unaujua upepo wa Singida kiangazi: hauvumi, unasukuma, na umebeba vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Nilipopita Misigiri pikipiki ikaanza kufifia. Haikukata ghafla kama inavyokata plagi ikifa. Ilififia, nguvu zikaisha, nikafungua mafuta zaidi, ikazidi kudhoofika, ikazimika. Nikapiga kiki mpaka mguu ukatetemeka. Nikaketi kivulini. Baada ya dakika kumi hivi nikapiga kiki moja tu, ikawaka kama haikuwa na lolote. Kilomita chache mbele, yale yale. Sekenke nilishuka injini imezima, breki zikinuka, upande mmoja ukuta wa mawe na upande mwingine ile mbuga nyeupe inayotetemeka kwa joto hadi mwisho wa macho. Chini, kwenye joto lile, nilisukuma zaidi kuliko nilivyoendesha.

Nilifika Shelui jua likizama. Wagonjwa wengi walikuwa wamekata tamaa wakaondoka. Alibaki mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyetembea tangu usiku wa manane. Hakunilaumu wala hakuniuliza kitu. Alinyoosha mikono miwili, akapokea vidonge vyake, akavihesabu mara mbili kwa ncha ya kidole, akavifunga kwenye pindo la kanga, akatafuta mahali pa kulala. Uso wake ninao hadi leo. Aliyenipa haraka ya kutafuta fundi ni yeye.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye mikono myepesi, na alifanya kile alichofanya wako: aliikimbilia kabureta. Aliifungua juani, akaimwagia petroli, akachomoa uzi mmoja wa chuma kutoka waya wa klachi, akauingiza kwenye jeti kubwa akasugua, akisema imeziba. Alipoifunga, pikipiki iliendelea kuzimika vilevile, na sasa ikaongeza tabia mpya: ekzosi ilitoa moshi mweusi, plagi ikawa na masizi kama sufuria ya kijijini, na mafuta yakaisha kabla ya safari. Akaifungua tena, na tena. Mwisho akasema kabureta imechoka. Spea haikuwa ya kuipata hivi hivi. Mwaka ule Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na wenye maduka walikuwa wakizika mali ardhini usiku. Tulimpata mfanyabiashara wa Singida mjini mwenye kabureta moja. Akaitajia bei ya shilingi 1,800, kwa kunong'ona, mlango umerudishwa.

Ndipo muuguzi mmoja akanipeleka kwa mzee aliyekuwa na gereji chini ya mkwaju, nyuma ya soko. Mnyiramba mwembamba, kofia ya pama iliyonyonya mafuta hadi ikang'aa, kope zimekunjamana kwa miaka ya kuukabili upepo, na harufu ya ugoro iliyochanganyika na petroli. Alikuwa amejifunza kazi kwenye karakana za Wahindi kabla ya Uhuru. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kunywa uji. Hakugusa spana. Aliniuliza, “Bwana dawa, inakata ghafla au inafifia?” Nikamwambia inafifia. “Ukiingoja inarudi?” Inarudi. “Tenki likiwa limejaa, inakwenda mbali zaidi au inazimika mapema?” Swali hilo sikuwa nimejiuliza kamwe. Nilifikiri, nikakumbuka kwamba siku za tenki kujaa ndizo mbaya zaidi. Mzee akaweka kikombe chini.

Alipanda nyuma, akaketi juu ya sanduku la dawa, tukaelekea njia ya Kinampanda. Ilipofifia na kuzimika akaniambia nisishuke wala nisiguse kitu. Aliinama, akaweka sikio kwenye tenki, akashika mfuniko wa mafuta akauzungusha polepole. Tukasikia wote wawili: fyuuu, hewa ikiingia kwa uroho, kama mtu aliyetoka chini ya maji. “Piga kiki,” akasema. Ikawaka.

Kwenye mfuniko wa tenki, mpwa wangu, kuna kitundu chembamba ambacho wengi wanaendesha miaka kumi bila kukiona. Petroli inaposhuka kwenda kwenye kabureta, hewa ni lazima iingie mahali pake. Kitundu kikiziba, tenki linakuwa kama kibuyu chenye shingo nyembamba ulichokipindua: maji yanatoka kidogo, yanakwama, mpaka kimeze hewa. Pikipiki inakwenda kwa mafuta yaliyomo ndani ya kabureta na kwa machache yanayodondoka, kisha inakata pumzi. Ukingoja, hewa kidogo inapenya, mafuta yanashuka, nawe unadhani imepona. Na tenki lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa juu, kwa hiyo linakaba upesi zaidi. Ndiyo maana ya swali lake la tatu. Tuliporudi alipasha maji, akauchovya mfuniko, akachokonoa kitundu kwa mwiba wa mgunga. Kikatoka kidonge cha kahawia, kigumu kama nta. Alikitazama, akakigusa kwa ulimi, akatafuna kidogo. “Asali,” akasema. “Ya mwaka huu.”

Lakini hakuniruhusu kuondoka, kwa sababu kabureta, iliyokuwa haina kosa lolote, sasa ilikuwa imepewa moja. Aliitoa jeti kubwa akaielekeza juani, akanionyesha jinsi uzi wa chuma ulivyolikwangua tundu la shaba na kulipanua. “Kabureta ni mpishi,” akaniambia. “Usimpige mpishi kabla hujatazama kama kuni na maji vimemfikia.” Katika kopo la maziwa alikuwa na jeti kuukuu zaidi ya ishirini, kila moja na namba yake iliyogongwa pembeni, na alizisoma kwa kuzisogeza hadi karibu kugusa jicho. Akapata iliyofanana. Kuisafisha alitumia unywele wa mkia wa ng'ombe, akipuliza kwa mdomo katikati. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba: alitoa ile sindano ndefu ya kabureta na kuhamisha klipu yake mfuo mmoja juu, ili sindano ishuke. Pikipiki zetu zilitoka bandarini Dar es Salaam, na huku nyanda za Singida tuko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, petroli ile ile inakuwa nyingi kuliko hewa yake. Jumamosi iliyofuata plagi ilitoka na rangi ya udongo wa kichuguu. Alifurahi kuliko mimi.

Nilikwenda kwake miaka mitatu mfululizo, hata nisipokuwa na ubovu. Alinifundisha kumwaga petroli kidogo kiganjani: ya kweli inapoza na kutoweka, ya mafuta ya taa inaacha ngozi ina utelezi na harufu ya kibatari. Alinifundisha kuiacha kwenye chupa nyeupe usiku kucha nione kama maji yatajitenga chini. Pikipiki isiyokubali kusimama ikiunguruma yenyewe, lakini ukivuta mafuta inakwenda, jeti yake ndogo ndiyo imeziba. Inayokubali kusimama lakini inakufa ukiivuta, na inapata nafuu ukifunga choki nusu, inalia njaa ya mafuta. Fuata mpira kutoka koki, kagua chujio, kisha ndipo uje kwenye jeti kubwa. Ikidondosha petroli chini, boya au sindano yake vimekwama kwa uchafu: gonga kikombe cha kabureta kwa mpini wa bisibisi, polepole, kabla ya kufikiria kuifungua. Mafundi wengi vijana siku hizi wanaanzia mwisho wa orodha hii, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu pikipiki za Kichina wanazozitengeneza kutwa nyingi zina injini iliyofuata muundo wa Honda CG ile ile. Elimu ya mzee yule ingewafaa bila kubadilishwa neno.

Nilikuwa pale chini ya mkwaju, Aprili 1984, redio yake ya mbao ilipotangaza kwamba Sokoine amefariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro. Mzee alikuwa na boya la kabureta ya mtu mkononi. Aliliweka juu ya gunia, akaifuta mikono yake kidole kimoja kimoja, akazima stovu. Hakufanya kazi tena siku hiyo, wala hakuna aliyemwomba.

Kwa ile kazi ya kwanza alinitoza shilingi 20, na akasema yule mgonjwa wa Wembere akinipa asali tena, nimpelekee kijiko kimoja. Mzee wa mizinga alinipa tena Mei iliyofuata. Safari hiyo nilikifunga kibuyu ndani ya sanduku la dawa, wima, kwa matambara. Yule mama wa Shelui naye alimaliza miezi yake sita mwaka huo huo. Niliandika jina lake kwenye safu ya waliopona kwa wino wa bluu, naye akaniuliza kama anaweza kuacha kutembea usiku.

Basi kesho usiende gereji. Jaza tenki, panda, elekea upande wa Iguguno hadi izimike. Ikizimika, usipige kiki. Weka sikio kwenye tenki, fungua mfuniko polepole, kisha unipigie uniambie umesikia nini.