Gari Langu Limeniweka Njia Panda

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nyeri, na uani mwangu mna Datsun 240Z niliyoinunua kwa mlowezi mmoja wa Nanyuki mwaka wa 1984. Ni gari kama lile ambalo Shekhar Mehta alishindia mbio za Safari mwaka wa 1973. Edgar Herrmann naye alikuwa ameshinda kwa jingine la aina hiyo mwaka wa 1971. Lina viti viwili tu, na siku hizo mimi na mke wangu tulikuwa wawili!

Vipuri ni taabu. Fundi wangu huvisaka hadi barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na baridi ya Julai ikizidi, gari hukohoa kunishinda mimi. Hayo ningeyavumilia.

Lakini mwezi uliopita nilimpeleka mke wangu kliniki kwa ajili ya magoti. Tulipofika, alishindwa kuinuka kutoka kiti kile cha chini, ikabidi walinzi wawili wamvute kwa mikono, watu wakitazama. Alicheka tu. "Baba watoto," akasema, "gari lako lingali kijana. Sisi ndio tumezeeka."

Usiku huo sikulala.

Kifungua mimba wetu anataka tununue Probox, ambayo hata wajukuu watatoshea. Nimekubali, shingo upande. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Mke wangu ameomba tuzunguke nalo mara moja zaidi, hadi Kiganjo na kurudi. Safari hii nitamwinua mwenyewe.